Naanza poka: nikae meza za keshi au niingie mashindano?

JoziNdogo

Wakuu, heshima kwenu. Naombeni ushauri, hasa kutoka kwa wale waliokaa mezani muda mrefu.

Poka ya Texas Hold'em nimejifunza kwa kucheza na marafiki bila pesa. Sheria nazijua: karata mbili mkononi, tano mezani, na najua karata zipi zinazipiga zipi. Najua pia kwamba anayeamua mwisho ana nafuu kuliko anayeanza, kwa sababu ameshaona wenzake wamefanya nini. Sasa nataka kuanza kucheza kwa pesa kidogo, na hapo ndipo nimekwama. Kila ninayemuuliza anajibu kwa uhakika kabisa, lakini majibu yanapingana. Mmoja ananiambia mashindano ndiyo shule, unalipa kiingilio mara moja na hasara yako unaijua. Mwingine anasema mashindano ni kama bahati nasibu, mtu makini anakaa meza za keshi.

Hali yangu ni hii. Nimeajiriwa, jioni napata saa mbili, zikizidi sana tatu. Kuna kiasi nimekitenga ambacho hata kikiisha chote, hakuna mtu nyumbani atakayelala njaa wala ada ya mtu kukwama. Nataka kuwa mchezaji mzuri kwa kujifunza, sitaki kuotea. Na kwa tabia yangu, kushindwa kunaniuma, huwa natamani kurudia papo hapo.

Kwa mtu kama mimi, nianzie wapi? Na kama kuna sababu, naomba mnieleze sababu yenyewe, msiniambie tu "anza huku".

MtunzaMtaji

Karibu sana mkuu. Umeuliza vizuri, na mimi nitakujibu kwa kuanzia kwenye sababu.

Karata ni zilezile, sheria ni zilezile. Kinachotenganisha michezo hii miwili ni thamani ya chipu, yaani vile vidude tunavyowekea dau. Kwenye meza ya keshi chipu ni pesa. Ukikaa na 100, ukaondoka na 140, umepata 40, basi. Blaindi, yaani yale madau mawili ya lazima, dogo na kubwa, yanayowekwa kabla ya karata kugawiwa, hazipandi: kama meza ni ya 1 na 2, itakuwa ya 1 na 2 ukikaa na hata ukirudi wiki ijayo. Ukiishiwa unaweza kuongeza, ukichoka unasimama na kwenda zako.

Kwenye mashindano unalipa kiingilio, unapewa rundo la chipu ambazo huwezi kuzibadilisha kuwa pesa. Tuseme umepewa 5,000 na blaindi ni 25 na 50. Una blaindi kubwa 100, una nafasi ya kufikiri. Baada ya muda blaindi zinafika 250 na 500. Hujapoteza hata chipu moja, lakini rundo lilelile sasa ni blaindi kubwa 10 tu. Saa ndiyo inakula rundo lako. Unalazimika kujitosa hata kama karata nzuri hazijaja, na chipu zako zikiisha umetoka, isipokuwa mashindano yanaruhusu kuingia upya.

Kwa sababu hiyo ushauri wangu ni keshi, kwenye blaindi ndogo kuliko zote utakazopata. Sisemi keshi ni rahisi. Wachezaji wa meza za keshi wenye uzoefu ni hatari, kwa sababu wanaijua hali moja kwa undani. Lakini kwa mwanafunzi hesabu ya keshi inasomeka moja kwa moja. Nikupe mfano. Una kopa mbili mkononi, mezani zimeshafunguliwa karata nne na mbili ni kopa. Unasubiri kopa moja ili upate rangi, yaani karata tano za aina moja. Karata ambazo hujaziona ni 46, na kopa zilizobaki ni 9, kwa hiyo nafasi yako ni karibu 20%. Poti, yaani pesa zilizokusanyika katikati ya meza, ina 100, mwenzako anaweka dau la 50. Unalipa 50 ili ushinde 150, maana yake unahitaji angalau 25% ili usile hasara. Una 20%. Kwa hesabu hiyo peke yake unatupa karata. Swali linalofuata ni: je, kopa ikija, atanilipa kiasi gani zaidi? Kama bado ana rundo kubwa mbele yake na ni mtu asiyejua kutupa, unaweza kufuata. Kama amebakiwa na kidogo, tupa.

Hesabu hii utaifanya kila siku kwenye keshi, na jibu lake ni pesa halisi. Ukifanya uamuzi sahihi leo, utakuwa sahihi kesho katika hali ileile. Huo ndio msingi. Mashindano yana mambo mengine juu ya huo msingi, na huwezi kujenga ghorofa kabla ya msingi.

ShupazaTupu

Naheshimu maelezo ya MtunzaMtaji, na hesabu yake haina kasoro. Ila tusome tena alichoandika muuliza swali: kushindwa kunamuuma na anatamani kurudia papo hapo. Mkuu, mtu mwenye hulka hiyo ukimkalisha kwenye meza ambayo anaweza kuongeza pesa kila anapoishiwa, unamuweka mahali pagumu kuliko pote. Anapoteza poti kubwa dhidi ya mtu aliyecheza ovyo, damu inachemka, anaongeza. Anapoteza tena, anahamia meza ya blaindi kubwa zaidi ili arudishe haraka. Nimeona watu wanaojua poka vizuri kabisa wakimaliza mtaji wa miezi kwa usiku mmoja namna hiyo, na tatizo lao halikuwa karata.

Mashindano yanakulinda hapo. Kiingilio ni 10 na ada ya mwandaaji 1, umelipa 11, na hiyo 11 ndiyo hasara yako ya juu kabisa kwa usiku huo. Ukitoka, umetoka. Chagua yale yasiyo na kuingia upya, maana yale ya kuingia upya yanarudisha tatizo lilelile kwa mlango wa nyuma.

Na kuna jambo jingine. Kwa kiingilio kidogo unapata mikono mingi, yaani migawo ya karata, na saa nyingi za kucheza, unakutana na hali za kila aina: mwanzo rundo ni kubwa, katikati ni la wastani, mwishoni kila mtu anapumulia puani. Mchezaji wa keshi anaweza kucheza miaka asijue afanye nini akiwa na blaindi 8. Halafu kuna raha ya kufika meza ya mwisho, ambayo keshi haina. Mtu anajifunza haraka anapofurahia.

Historia yenyewe imeandikwa na mashindano. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu asiyejulikana na mtu, aliingia mashindano madogo ya kufuzu kwenye intaneti kwa chini ya dola 100, akapata nafasi kwenye shindano kuu la World Series of Poker ambalo kiingilio chake ni dola 10,000, akalishinda na kuondoka na dola milioni 2.5. Hakuna meza ya keshi inayompa mtu wa kawaida mlango kama huo.

BintiHesabu

ShupazaTupu, hoja yako ya hasira ni nzito na naikubali yote. Ila kisa cha 2003 kina upande wa pili ambao mgeni anastahili kuujua. Mwaka ule waliingia watu 839. Mmoja akawa bingwa, na wengi sana waliondoka bila senti. Miaka mitatu baadaye, 2006, waliingia 8,773, kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya hadithi hiyohiyo.

Mashindano makubwa kwa kawaida hulipa kama 10% hadi 15% ya walioingia. Wengi wa hao wanaolipwa hurudishiwa kiingilio na ziada kidogo, kisha sehemu kubwa ya pesa iko kwenye nafasi chache za juu. Maana yake hata mchezaji mzuri kweli anatoka mikono mitupu mara nyingi kuliko anavyolipwa. Siyo kwamba anacheza vibaya. Fikiri hivi: unaweka chipu zote ukiwa na nafasi ya 80% ya kushinda, mfano jozi kubwa dhidi ya jozi ndogo. Hiyo ni hali nzuri sana, kila mtu anaitamani. Sasa ili ufike mbali unahitaji kuokoka hali kama hiyo mara tano. 0.8 ukiizidisha kwa yenyewe mara tano unapata karibu 0.33. Ulikuwa mbele kila mara, na bado mara mbili kati ya tatu umeshatolewa kabla ya ya tano kuisha. Kwenye keshi ukipoteza moja kati ya hizo tano, unakaa na rundo jipya na zile nne unaendelea kuzikusanya.

Kwa mwanafunzi hilo lina madhara makubwa: matokeo hayamwambii kama anacheza vizuri. Anaweza kucheza ovyo akashika nafasi ya pili, akaamini ameshajua. Au akacheza vizuri mwezi mzima asipate kitu, akaacha mbinu sahihi. Keshi nayo inayumba, tena sana, lakini picha inaonekana mapema zaidi.

La pili ni hili ambalo MtunzaMtaji amelidokeza tu. Chipu za mashindano hazina thamani iliyonyooka. Tuseme mmebaki watatu na zawadi zote jumla ni 100: wa kwanza 50, wa pili 30, wa tatu 20. Wewe una nusu ya chipu zote, wa pili ana 30%, wa tatu 20%. Mtu atadhani una thamani ya 50. Hesabu ambayo wachezaji wa mashindano wanaitumia kugeuza chipu kuwa thamani ya pesa, wanaiita ICM, inakupa karibu 38.4 tu. Mwenye 30% ya chipu ana thamani ya 32.75, na mwenye 20% ana karibu 28.9. Umeona? Mwenye rundo dogo ana thamani kubwa kuliko chipu zake, kwa sababu hata akiwa wa mwisho ameshajihakikishia 20. Kwa hiyo chipu unazopoteza zinakuuma kuliko zinavyokufaa zile unazopata.

Hali hii ikikazwa hadi mwisho inaleta maamuzi ambayo kwa mgeni yanaonekana ya ajabu. Mashindano ya kufuzu yanatoa tiketi 10 zilizo sawa. Mmebaki 11. Una rundo kubwa, wengine wawili watatu wanakaribia kuishiwa. Anayekuzidi chipu anaweka zote, na wewe umeshika jozi ya ree, AA, karata bora kuliko zote. Jibu sahihi linaweza kuwa kuzitupa, kwa sababu ukishinda unapata tiketi ileile ambayo ungeipata kwa kukaa kimya. Kwenye keshi hakuna siku utatupa AA kabla ya karata za mezani kufunguliwa. Mtu ambaye bado hajaiva kwenye msingi akijifunza mambo haya mawili kwa wakati mmoja anachanganya, anaogopa mahali pa kushambulia na kushambulia mahali pa kutulia.

KitiChaMwisho

Niongeze mfano mmoja wa mezani, maana nadhani utamsaidia kuliko nadharia.

Umeshika 4-4. Mtu mbele yako amepandisha dau hadi blaindi 3, wengine wametupa, zamu ni yako. Je, unafuata?

Unachokitafuta ni 4 nyingine kwenye karata tatu za kwanza mezani. Inakuja mara moja katika kila mara nane au tisa, karibu 12%. Isipokuja, mara nyingi utatupa.

Mko kwenye keshi, nyote mna blaindi 100. Unalipa 3. Ikija, na mwenzako ana jozi kubwa asiyoweza kuiachia, unaweza kuchukua blaindi 97 zilizobaki kwake. Hutazipata zote kila mara, ila nafasi ipo ya kufidia zile mara saba au nane ulizotupa. Unafuata, bila wasiwasi.

Sasa mko kwenye mashindano, una blaindi 12. Karata zilezile, mtu yuleyule, dau lilelile. Ukilipa 3 umetoa robo ya uhai wako kwa kitu kinachotokea mara moja kati ya nane, na hata kikitokea utapata 9 za juu yake. Kufuata hapo ni kosa. Unaweka zote au unatupa, kutegemea nani amepandisha na mmekaa wapi. Hakuna njia ya kati.

Mgeni anayeanzia mashindano ya kasi anajifunza sana hiyo ya pili: weka zote au tupa. Anaweza hata kuwa hodari nayo. Lakini karata ya nne na ya tano hazijui, kwa sababu ni nadra kufika huko akiwa bado ana chipu za kufanyia uamuzi. Na poka, kwa maoni yangu, inaishi kwenye karata ya nne na ya tano. Hapo ndipo unamsoma mtu, unajua dau lake linasema nini, unajua lini jozi yako nzuri imegeuka kuwa ya pili kwa ubora. Hayo yanahitaji marundo makubwa, na marundo makubwa muda wote yako kwenye keshi.

Kwa taarifa tu, World Series of Poker yenyewe ilipoanza mwaka 1970 pale Binion's Horseshoe, Las Vegas, haikuwa mashindano ya kutoana. Walikaa kwenye meza za keshi, kisha wachezaji wenyewe wakampigia kura Johnny Moss kuwa bora wao. Mfumo wa kucheza hadi abaki mmoja ulikuja mwaka uliofuata. Waliokuwa wanaonekana mabingwa walikuwa watu wa keshi.

JoziNdogo

Nawashukuru mno, sikutegemea majibu ya kina namna hii. Nimeyasoma zaidi ya mara moja.

Mfano wa 4-4 umenifungua macho, sikuwahi kufikiri kwamba karata zilezile zinaweza kuwa uamuzi tofauti kabisa kwa sababu ya ukubwa wa rundo tu. Lakini ShupazaTupu amenigusa pia, kwa sababu najijua.

Naomba kuuliza mawili. Kwanza, mtaji uwe kiasi gani kwa kila upande? Pili, kuna haya mashindano ya meza moja, watu tisa, mkikamilika mnaanza. Hayawezi kuwa njia ya kati? Mashindano makubwa nimeona hayatanifaa, nikiingia saa mbili usiku naweza kujikuta alfajiri bado nimo, na kesho kuna kazi.

MtunzaMtaji

Mtaji kwanza. Kanuni ambayo wachezaji wengi wanaifuata kwenye keshi ni mara 20 hadi 30 ya kile unachokaa nacho mezani. Ukikaa na blaindi 100, basi uwe na blaindi 2,000 hadi 3,000 pembeni, mahali mbali na pesa ya matumizi. Kwa mashindano watu makini wanataka viingilio 50 hadi 100, na kwa yale yenye washiriki wengi sana wanataka zaidi ya hapo, kwa sababu ya ule ukame ambao BintiHesabu ameueleza. Kwa hiyo gawanya kiasi chako kwa 30, utajua meza gani ni yako. Kama jibu linatoka dogo kuliko meza ndogo kuliko zote, subiri mtaji ukue kabla ya kukaa.

Kisha makato. Kwenye keshi mwenye meza anakata asilimia kwenye kila poti, mara nyingi karibu 5% hadi kikomo fulani. Meza ya 1 na 2, poti ya 40 ikikatwa 5% zinaondoka 2, yaani blaindi kubwa nzima. Haionekani, lakini usiku ukiisha ni nyingi. Ndiyo maana mtu anayecheza kila karata hawezi kupona: analipa makato kwenye poti nyingi zisizo na faida. Wewe cheza karata chache, zilizo bora, na pale inapowezekana ukiwa kwenye nafasi ya mwisho. Usione aibu kutupa nusu saa nzima. AA inakuja kwa wastani mara moja katika mikono 221. Kwenye meza ya ana kwa ana inayogawa kama mikono 30 kwa saa, hiyo ni zaidi ya saa saba za kungoja.

Kuhusu hasira, ShupazaTupu yuko sahihi na dawa ipo. Kama unacheza kwenye intaneti, zima kabisa ile sehemu ya kujiongezea chipu yenyewe. Weka kikomo cha kuweka pesa kwenye akaunti. Majukwaa mengi yenye leseni yanakuwezesha kufanya hivyo na ukishakiweka hukiondoi papo hapo. Kama ni meza ya ana kwa ana, beba kile unachokaa nacho tu, kadi ya benki ibaki nyumbani. Marundo mawili yakiisha, usiku umeisha. Hata kama mezani kuna mtu anagawa pesa.

ShupazaTupu

Kwenye suala la muda sina ubishi. Mashindano ya watu wengi yanadai saa nne, tano, sita, na kadiri unavyofanikiwa ndivyo unavyochelewa. Ukiingia huku unaangalia saa, utaanza kuweka chipu zote ovyo ili mradi iishe. Hayafai kwa mtu mwenye saa mbili.

Ya meza moja ndiyo, yana kikomo. Watu tisa, kwa mgawo wa zamani wanaolipwa ni watatu: 50%, 30% na 20%. Mara nyingi ndani ya saa moja na nusu mmemaliza, kutegemea kasi ya blaindi. Hasara unaijua kabla hujakaa, na unaanza na rundo la kutosha kwa hiyo mwanzoni unacheza poka kamili. Ila angalia jinsi blaindi zinavyopanda. Yale yanayopanda kila dakika tatu yaache, hayo ni ya kusukuma chipu zote tu. Tafuta ya dakika kumi au zaidi.

Ningekuwa mimi, ningefanya hivi: keshi iwe shule yako kama walivyosema, na siku ambayo umerudi kazini umekasirika au umechoka, usikae keshi kabisa. Ama cheza meza moja ya mashindano kwa kiingilio kidogo, ama usicheze.

BintiHesabu

Naongeza kwa kifupi: yale mashindano ya bure msiyatumie kama shule. Watu wanaweka chipu zote kwa karata yoyote kwa sababu hawana cha kupoteza. Utajifunza kwamba dau kubwa halina maana, na kwenye meza ya pesa, hata ndogo, linakuwa na maana kubwa.

Na andika. Daftari au jedwali la simu, tarehe, meza, umekaa na ngapi, umeondoka na ngapi, saa ngapi. Kwenye keshi hesabu kwa blaindi kubwa, siyo kwa pesa, ili ukija kupanda meza uweze kulinganisha. Usikimbilie kujihukumu kwa mikono elfu chache. Chagua mkono mmoja uliokusumbua kila usiku, uulete hapa tuujadili ukiwa umetulia.

MsomajiKimya

Huwa nasoma tu, ila hapa sikuweza kunyamaza. Yote yaliyosemwa ni ya watu wanaojua mchezo. Mimi naomba tu mgeni ajue kwamba kuna mstari, na ukishavukwa hakuna tofauti ya keshi na mashindano. Mtu akianza kukopa ili acheze, akianza kumficha mwenzi wake, akianza kuiwaza meza akiwa na watoto wake, suala la meza gani ni bora limeshapitwa. Asimame, na atafute msaada kwa watu wanaosaidia waraibu wa kamari. Ndugu yangu wa karibu alifika huko, na alikuwa mchezaji mzuri, tena mzuri kuliko wengi. Mchezo uchezwe tu mahali unaporuhusiwa na sheria, kwa pesa ambayo imeshaagwa.

JoziNdogo

MsomajiKimya, pole sana kwa ndugu yako, na asante kwa kuvunja ukimya. Nimemsomea mwenzangu nyumbani ujumbe wako, na kiasi nilichotenga anakijua.

Nimeamua: keshi ya blaindi ndogo kuliko zote, nikikaa na blaindi 100, rundo mbili kwa usiku na basi. Nikiwa sina utulivu, meza moja ya mashindano yenye blaindi za taratibu, au nilale. Mashindano makubwa nitayaangalia baadaye, nikishaizoea karata ya nne na ya tano.

La mwisho, wakuu: meza ya watu sita au ya watu tisa? Naona zote zipo.

KitiChaMwisho

Tisa, kama unazipata. Kila mzunguko unalipa blaindi ndogo na kubwa, yaani blaindi moja na nusu. Kwenye meza ya sita unazilipa kila baada ya mikono sita, kwenye ya tisa kila baada ya tisa. Ya sita inakulazimisha kucheza karata dhaifu zaidi ili usimezwe, na karata dhaifu zinahitaji uzoefu ambao bado hujaupata. Ya tisa inakuruhusu kungoja. Kwenye intaneti za sita ndizo nyingi, na ukikosa nyingine kaa hiyohiyo, ila fungua moja tu kwa wakati mmoja mpaka uweze kumwelezea kila aliyekaa hapo anachezaje.

Kabla ya kukaa, tazama mizunguko miwili mitatu bila kucheza. Ukimwona mtu anapandisha karibu kila mkono, kaa kushoto kwake. Zamu zinakwenda kuelekea kushoto, kwa hiyo mikono mingi ataamua yeye kwanza, wewe utaamua ukiwa umeshaona alichofanya. Kiti hicho kikiwa kimekaliwa na kilichobaki ni cha kulia kwake, tafuta meza nyingine.